Kunyonya mafuta kwa upasuaji: mwongozo kwa anayetoka Mbeya, Iringa na Njombe

Wifi yangu alinifunulia tumbo lake jikoni kwetu Uyole, mwezi wa sita, baridi imekaza na sisi tumelizunguka jiko la mkaa. "Wifi, hili haliwezi kunyonywa?" Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, nimeshazoea kuulizwa maswali ya namna hiyo kwenye bajaji, kanisani, hata msibani. Lakini huyu hakuwa anatania. Watoto watatu wamekua, biashara ya viazi imemkalia vizuri, na picha za kina dada wa Dar zilikuwa zimeshamwingia kichwani.

Mwisho wake nilimsindikiza. Upasuaji wenyewe haukufika saa mbili. Hekaheka nzima, tangu siku ile jikoni mpaka umbo lilipotulia, ilichukua karibu mwaka, na yaliyotusumbua yote yalikuwa nje ya thieta: kujua kama anafaa, kumpata daktari wa kweli, barabara ya kurudi, na nani amhudumie akiwa huku wakati aliyempasua yuko kule. Anayeishi Masaki, Dar es Salaam, akiona kidonda kinatoa maji anapanda bajaji kumrudia daktari wake. Wewe wa Mwanjelwa una zaidi ya kilomita 800 mbele yako, na wa Kihesa karibu 500. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yetu sisi wa mbali.

Hatua ya kwanza: bana tumbo lako

Simama mbele ya kioo, shika nyama ya tumbo kwa vidole vyote. Unachokishika kikatoka pamoja na ngozi ni mafuta ya chini ya ngozi, yaliyokaa juu ya misuli. Hayo ndiyo yanayonyonywa. Sasa lala chali. Kama tumbo linabaki limetuna na gumu kama ngoma, mafuta yako mengi yako ndani, yamezunguka utumbo na ini. Huko bomba haliingii, na daktari anayekuambia litaingia mkimbie. Kitambi cha wanaume wengi wa makamo ni cha aina hii ya pili. Dawa yake ni sahani na miguu.

Kuna tumbo la tatu, na wanawake wengi waliozaa wanalo bila kulijua: mafuta ni kidogo, ila ngozi imelegea au misuli ya katikati imeachana wakati wa ujauzito. Ukinyonya mafuta kwenye ngozi iliyolegea unaifanya ining'inie zaidi, kama gunia lililopunguzwa mahindi. Hapo kinachohitajika ni upasuaji mwingine mkubwa zaidi, wa kukata ngozi na kushona misuli, wenye kovu refu chini ya kitovu. Usikubali kuuziwa kimoja kwa jina la kingine.

Jambo la uzito nalo liwekwe wazi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 900 hivi. Upasuaji wa kawaida hutoa lita mbili, tatu, na kiwango kinachotajwa kuwa mpaka wa usalama ni lita tano kwa mara moja. Ukizidi hapo lazima ulazwe na kuangaliwa kwa karibu usiku kucha. Piga hesabu mwenyewe: hata ukitolewa lita tatu, mizani haitashangilia. Kinachobadilika ni umbo, namna gauni linavyokaa kiunoni. Madaktari wengi hutaka BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, iwe chini ya 30 kabla hawajakugusa. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 anapata 30.5, kwa hiyo ana kazi ya kufanya kwanza.

Na sukari? Nimeulizwa sana kama kunyonya mafuta kunatibu sukari au presha. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene waliotolewa mafuta mengi mno ya tumbo, takriban kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa wiki kadhaa baadaye, namna miili yao inavyoitumia sukari haikuwa imebadilika. Ukitaka kushusha sukari, huku siko.

Wasiofaa, angalau kwa sasa: mjamzito, anayenyonyesha, aliyejifungua miezi sita haijatimia, anayepanga kuzaa tena karibuni, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, na mwenye sukari isiyotulia. Mwenye selimundu asiongee na wakala, aongee na daktari bingwa.

Hatua ya pili: mjue anayeshika kisu

Nianze na wasioshika kisu. Siku hizi mjini kuna saluni zinazouza sindano za "kuyeyusha tumbo", na WhatsApp imejaa chai za "kusafisha mafuta". Chai itakuharisha, na maji uliyopoteza utayanywa tena kesho. Sindano isiyojulikana imetoka wapi inaweza kukuachia jipu na kovu. Dawa halali ya binadamu inasajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muulize muuzaji namba ya usajili uone anavyobadilisha mazungumzo.

Daktari unayemtaka anaitwa bingwa wa upasuaji rekebishi. Kila daktari anayefanya kazi Tanzania Bara lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili huo unaweza kuuliza na kuuhakiki kwa jina. Ukiambiwa "dokta wetu anatoka nje, anakuja wikiendi", uliza jina lake kamili, uliza kibali chake, kisha uliza swali linalouma: Jumatatu akishapanda ndege, nani anabaki na mimi?

Kwa watu wa huku, safari nyingi za upasuaji wa urembo huishia Dar es Salaam, ama kwenye hospitali binafsi ama Muhimbili–Mloganzila, ambako huduma za puto la tumboni na upasuaji wa kurekebisha maumbo zimeanza miaka ya karibuni. Lakini usianzie Dar. Anzia hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, iwe ya Kanda pale Mbeya au ya mkoa Iringa na Njombe, umwone daktari wa upasuaji na umweleze unachotaka. Usione haya. Vipimo vingi vinafanyika hapo hapo, na muhimu zaidi, unakuwa umeshajulikana. Faida yake utaiona siku ya kumi.

Ukimpata bingwa, mwulize haya, na uyaandike majibu:

1. Utatoa lita ngapi, sehemu zipi?
2. Nitapewa ganzi ya eneo, ya mgongo, au usingizi kamili, na nani atakayeisimamia? (Jibu sahihi kwa usingizi ni mtaalamu mwingine wa usingizi, asiye yeye mwenyewe.)
3. Kuna oksijeni, damu ya akiba na ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) humu ndani, au ni mpaka niitiwe gari la wagonjwa?
4. Bei hii imejumuisha nini? Nguo ya kubana, dawa, vipimo, kulazwa, na kurudishwa thieta kama kuna tatizo?
5. Nikiwa Mbeya usiku wa manane nina homa, nampigia nani?

Wifi yangu alipofika swali la tatu kwenye kliniki ya kwanza, mhudumu alicheka akasema hayo ni maswali ya watu waoga. Tulichukua mikoba yetu.

Kuhusu kuhamishia mafuta kwenye makalio: najua wengi wenu mnaanzia tumbo lakini macho yako kule. Mafuta yakiingizwa ndani ya msuli wa kalio yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyopo pale, yakaenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu, na mtu akafia mezani. Mwaka 2018 kikosi kazi cha vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa aina hii kilionya kwamba vifo vingeweza kufikia mmoja katika kila upasuaji 3,000, idadi kubwa mno kwa upasuaji wa urembo. Kunyonya tu ni jambo moja, kuhamisha ni jingine. Yasichanganywe kwenye bei moja ya ofa.

Hatua ya tatu: panga kuanzia mwisho

Bei ya upasuaji ni ya mamilioni na inatofautiana sana, kwa hiyo sitaitaja. Bima hailipii urembo, NHIF ikiwemo. Ninachokuomba ni uhesabu pia yasiyoandikwa kwenye karatasi yao: nauli ya watu wawili, malazi ya Dar kwa siku kumi hadi kumi na nne, nguo za kubana mbili (moja ikifuliwa, nyingine imevaliwa), dawa, bajaji za kwenda kliniki, na mshahara wa mtu wa kukusaidia nyumbani kwa mwezi. Wifi alihesabu upasuaji tu. Hayo mengine yalimgharimu kama debe kadhaa za viazi kila wiki, na ilibidi akope kwangu.

Mwezi mzuri kwetu ni kati ya Juni na Agosti. Mvua zimekatika, mavuno yameingia, shamba halikuiti. Na baridi ya wakati huo, ambayo wengine wanailaani, kwako itakuwa neema: nguo ya kubana inayovaliwa mchana na usiku kwa wiki kadhaa ni mateso kwenye joto la Dar, lakini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unaishukuru kama sweta.

Chagua mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Najua wengi hufanya kwa siri, wakiaga kwamba wanaenda msiba wa mbali. Tuliwahi kumpokea dada mmoja wodini kwetu, homa kali, akasema ni malaria, amekunywa mseto siku tatu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ilichukua nusu siku mpaka muuguzi mwenzangu alipomgeuza kubadilisha shuka na kuona matundu manne madogo kiunoni, moja limeoza. Alipona. Ila ile nusu siku ingeweza kumuua.

Hatua ya nne: wiki sita za maandalizi

Vipimo vya kawaida ni wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, virusi vya homa ya ini na UKIMWI, ujauzito, na kwa waliovuka miaka 40 mara nyingi kipimo cha moyo. Damu ikiwa pungufu, irekebishwe kwanza.

Sigara iachwe wiki nne kabla na nne baada; nikotini hubana mishipa midogo na ngozi inaweza kufa. Ugoro pia ni tumbaku, bibi zetu mnisamehe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo mtaje daktari akwambie kama uvisitishe na lini. Dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani kama karanga, diklofenaki na aspirini hasa, husababisha damu itoke zaidi. Kwa kawaida huachwa wiki moja hadi mbili kabla. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa kichwa chako. Vidonge vya kitunguu saumu na mitishamba ya kuchemsha nayo isimame. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina neno.

Pombe isimame wiki hizo za mwisho. Ulanzi haujaondolewa kwenye orodha kwa sababu eti ni maji ya mianzi, wala komoni kwa sababu eti ni chakula.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Utaambiwa usile kuanzia usiku. Kanuni ya kawaida ni saa sita bila chakula, na maji matupu yakome saa mbili kabla. Mtu anayedanganya kwamba hakunywa uji anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Sema ukweli hata kama utaahirishwa.

Daktari atakupiga picha na kukuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mafuta yanahama. Huu ndio wakati wako wa mwisho wa kuongea. Ukiona amechora mahali hamkukubaliana, uliza.

Kisha unaingia thieta, dripu inawekwa, unapewa antibayotiki na ganzi au usingizi. Anatoboa matundu ya milimita chache, mara nyingi yanafichwa kitovuni na kwenye mikunjo, halafu anajaza maji mengi chini ya ngozi: maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi ya lidokeni na adrenalini. Adrenalini inabana mishipa ili damu isitoke. Ngozi inakuwa ngumu na nyeupe, anasubiri dakika kadhaa. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1987 na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California. Kabla yake, tangu Arpad na Giorgio Fischer, baba na mwana, walipoanza kazi hii Roma miaka ya 1970 na Yves-Gérard Illouz kuieneza kutoka Paris, wagonjwa wengi walihitaji kuongezewa damu. Leo, ikifanywa vizuri, kinachopita kwenye bomba ni cha manjano, chenye wekundu kidogo tu.

Baada ya hapo anaingiza bomba jembamba la chuma lililounganishwa na mashine ya saksheni, analisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kwa macho yangu ni kazi ya nguvu kuliko watu wanavyodhani. Daktari anatoka jasho. Ukiwa na ganzi tu utasikia kusukumwa na kukwaruzwa, lakini usisikie kukatwa. Ukisikia maumivu makali, sema. Saa moja hadi tatu imekwisha. Matundu mengine huachwa wazi makusudi ili maji yachuruzike, unavikwa nguo ya kubana, unaamka unatetemeka kwa baridi. Blanketi zitaletwa.

Hatua ya sita: siku tatu ambazo hakuna anayekusimulia

Utavuja. Maji ya rangi ya waridi yatalowesha bandeji, nguo, shuka, godoro la wenyewe. Ni yale yale maji uliyojazwa, na kwa kawaida hukoma baada ya saa 24 hadi 48. Tandika nailoni na khanga kuukuu. Kama ni damu nzito nyekundu isiyokoma, hiyo ni habari nyingine, piga simu.

Maumivu ni kama ya mtu aliyelima shamba jipya kutwa nzima, halafu akaanguka kwenye ngazi. Panadoli na dawa alizokuandikia daktari zinatosha kwa wengi. Utavimba, na mizani itapanda kabla ya kushuka. Usiikanyage wiki mbili za kwanza. Wekundu na weusi wa kuvilia damu huteremka chini kwa uzito wake, kwa hiyo aliyenyonywa tumbo anaweza kuamka siku ya tatu akakuta sehemu za siri zimevimba na kuwa zambarau. Wifi alipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Ni kawaida kwa wake kwa waume, huisha.

Mara ya kwanza kuvua nguo ya kubana ili kuoga, fanya ukiwa umekaa na mtu yuko pembeni. Damu hukimbilia sehemu iliyoachiwa na watu wengi huzimia hapo hapo bafuni.

Na tembea. Jioni ile ile ya upasuaji, hata kama ni hatua kumi za kwenda chooni umeinama kama mzee, kisha kila baada ya saa chache ukiwa macho. Hakuna kitu kinachozuia damu kuganda miguuni vizuri kuliko miguu yenyewe.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Ndani ya siku ya kwanza, midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma na maneno kukorogeka ni ishara kwamba lidokeni imezidi kwenye damu. Dawa hiyo hufika kilele saa nyingi baada ya upasuaji, mara nyingi zaidi ya kumi, wakati wewe umesharuhusiwa uko gesti. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa na vipele vidogo vyekundu kifuani huashiria mafuta yaliyoingia kwenye damu. Tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, likakakamaa, ukatapika, linaweza kuwa utumbo uliotobolewa. Ni nadra, na ukichelewa unaua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuchoma ghafla na kukosa pumzi, ni damu iliyoganda, na hatari yake inaendelea kwa wiki kadhaa. Homa inayovuka nyuzi 38, ngozi inayozidi kuwa nyekundu na moto, usaha, harufu au ngozi kuwa nyeusi ni maambukizi.

Kwa watu wa Kyela na bonde la Usangu nasisitiza: homa baada ya upasuaji si malaria mpaka ithibitishwe. Pima malaria, sawa, lakini onyesha na vidonda.

Hatua ya saba: barabara ya kurudi

Usipande basi siku ya tatu kwa sababu pesa ya gesti imekwisha. Kukaa umekunja miguu kutwa nzima, toka alfajiri ya Dar mpaka usiku wa Mbeya, ndiyo hali hasa ambayo damu huganda. Subiri siku saba mpaka kumi, daktari akuone, ndipo uombe ruhusa.

Kama mfuko unaruhusu, ndege ya Dar kwenda uwanja wa Songwe, Mbeya, ni kama saa moja na nusu, na hapa ndipo ningebana matumizi mengine yote ili nilipie. Ukipanda basi, chukua kiti cha upande wa njia, vaa nguo ya kubana, kunywa maji hata kama kondakta atanuna kwa kuombwa kusimama, na kila saa chezesha vifundo vya miguu, simama, nyanyuka kwa vidole. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni shuka utembee, vitunguu atakununulia mwenzako. Bora zaidi ukate safari: lala Morogoro, mlima Kitonga uupande ukiwa umepumzika. Begi asilinyanyue mwenye mshono.

Kabla hujaondoka hospitalini dai karatasi ya ruhusa iliyoandikwa vizuri: lita zilizotolewa, sehemu, aina ya ganzi, dawa ulizopewa, tarehe ya kutoa nyuzi, namba ya simu ya daktari. Usikubali "taarifa zako tunazo kwenye mfumo". Mfumo wao hausomeki Makambako.

Hatua ya nane: nyumbani

Siku moja mbili baada ya kufika, nenda kwa yule daktari wa upasuaji uliyejitambulisha kwake mwanzoni, na karatasi yako mkononi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya tano na ya kumi hivi. Wakati mwingine maji hujikusanya chini ya ngozi na kutengeneza kifuko kinachocheza ukikibonyeza. Hunyonywa kwa sindano, lakini na mtaalamu, kwa usafi. Kwa wifi ilifanyika mara mbili.

Sasa lililonipa kazi kuliko yote: shangazi. Alipofika na ndoo ya maji ya moto na tambara, tayari kumkanda wifi kama mzazi, ilibidi nisimame mlangoni. Ngozi iliyonyonywa mafuta hufa ganzi kwa wiki, pengine miezi. Haisikii moto. Utaunguzwa ukiwa unacheka na kupiga hadithi. Kwa sababu hiyo hiyo, kaa mbali na jiko la mkaa, na usiweke chupa ya maji ya moto tumboni usiku. (Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua hata wasiopasuliwa, lakini hilo tunaliimba kila mwaka.) Na kumfunga tumbo kwa khanga pia hapana. Khanga hubana mstari mmoja na kuacha mwingine, mafuta yakaganda na makunyanzi. Nguo ya kubana hugawa mgandamizo sawasawa. Inavaliwa wiki nne hadi sita, na isiwe na mikunjo ndani.

Chakula kiwe cha kujenga: maharage, mayai, dagaa, maziwa, mchicha, parachichi moja la Rungwe. Papai litasaidia choo, maana dawa za maumivu hufunga. Punguza chumvi, inashika maji. Kazi ya kukaa ofisini au dukani unaweza kurudia baada ya wiki moja hivi. Kuchota maji, kubeba mtoto mgongoni, jembe na gunia vingoje wiki nne hadi sita. Tendo la ndoa wiki mbili au zaidi, daktari akiridhika.

Wiki ya pili na ya tatu moyo unaweza kushuka. Umevimba, una mabonge magumu chini ya ngozi, unawashwa, pesa imeondoka na kioo hakijakulipa. Wifi alilia jikoni, pale pale alipoanzia. Uvimbe mwingi huondoka miezi mitatu, na umbo la mwisho hutulia kati ya miezi mitatu na sita. Mabonge hulainika yenyewe au kwa kukandwa taratibu pale tu daktari atakaporuhusu.

Chembe za mafuta zilizotolewa hazirudi. Zilizobaki, ambazo ni nyingi na ziko mwili mzima, zinajua kunenepa. Ukirudia chipsi mayai za kila usiku, mafuta yatatafuta pa kukaa, mgongoni au mikononi, na umbo litakuwa la ajabu kuliko la awali.

Miezi sita baada ya upasuaji piga picha kwenye mwanga ule ule, umesimama vile vile, uilinganishe na ile ya kwanza. Kama kuna bonde au upande mmoja umezidi, huu ndio wakati wa kuzungumzia marekebisho na daktari, siyo mwezi wa pili. Wifi ana kibonde kidogo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Aliulizwa kama anataka kirekebishwe. Akauliza ni siku ngapi za kukaa Dar, akaambiwa kumi, akasema viazi vyake vinaanza kuchimbwa wiki ijayo.